Kapsuli za Fahali

Jumanne, tarehe 4 Machi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Baldemar Treviño alimeza kapsuli mbili kwa kahawa.

Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi saba. Kapsuli zilitoka kwenye chupa ya kijani yenye picha ya fahali. Karatasi ya chupa ilitaja manjano, tangawizi na mizizi ya porini. Chini yake paliandikwa: asili kwa asilimia mia moja.

Baldemar alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na minne alipanda na kushuka ngazi katika mashamba ya machungwa, kusini kabisa mwa Texas. Magoti yake yalistaafu kabla yake. Kisha, mwaka uliopita, madaktari walikuta saratani kwenye pafu lake la kushoto. Alitibiwa. Saratani ilinywea, halafu ikarudi.

Mkewe, Ofelia, alikuwa kwenye sinki akiosha chupa nyingine ya kijani iliyokwisha. Hakuwahi kutupa chupa. Alizijaza pilipili ndogo za mviringo alizochuma kwenye kichaka kando ya uzio.

"Maliza kahawa," alisema. "Muuguzi amesema saa mbili."

"Nimemsikia. Masikio hayajaugua."

Siku hiyo walikwenda kwenye kliniki ya utafiti. Dawa mpya ya saratani ya pafu ilikuwa inajaribiwa huko. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili. Dozi za kwanza zote zilipaswa kutolewa kabla ya tarehe 11 Aprili kupita. Daktari wao alikuwa amesema wazi: baada ya hapo, hakuna utafiti mwingine wa karibu ambao ungemfaa Baldemar.

Muuguzi wa utafiti aliitwa Noemi Villarreal. Alimsomea Baldemar fomu ya ridhaa, ukurasa kwa ukurasa. Baldemar akatia saini. Damu ikatolewa. Kisha Noemi akafungua karatasi nyingine.

"Mzee Baldemar, unatumia dawa gani?"

"Kidonge cha presha. Basi."

"Hakuna kingine? Cha kunywa, kupaka, kuvuta kwa pumzi, kudungwa?"

"Kuna kahawa ya mke wangu. Hiyo inaua minyoo."

Noemi alicheka, akaandika: kidonge cha presha.

Ofelia, aliyekuwa ameketi kando, hakujiona kuwa anaficha kitu. Kwake, dawa ilikuwa kitu kinachoandikwa na daktari. Kapsuli zilitoka kwa Fidencio, aliyekuwa na meza kwenye soko la Jumapili. Fidencio ndiye aliyemsimamia binti yao katika ubatizo. Kitu ulichopewa na baba wa ubatizo si dawa. Ni msaada.

Tena, kapsuli zilikuwa zinafanya kazi. Magoti hayakuuma sana. Uso wa Baldemar ulijaa, ukawa wa mviringo, ingawa alikuwa na saratani. Majirani walimwambia Ofelia kwamba anamlisha vizuri. Michubuko iliyotokea mikononi mwa mumewe aliihesabu kuwa ya uzee.

*

Alhamisi, tarehe 6, saa saba mchana, simu ililia. Binti yao, Griselda, alikuwa amepita nyumbani kula. Alikuwa dereva wa basi la shule, na zamu yake ya mchana ilikuwa haijaanza. Aliiweka simu mezani, sauti ikawa ya wote.

"Majibu ya damu yametoka," alisema Noemi. "Kuna jambo silielewi. Mwili hutengeneza homoni inayoitwa kortisoli, na asubuhi huwa nyingi. Kortisoli ya Mzee ilikuwa karibu haipo. Na sukari yake iko juu."

"Maana yake nini?" aliuliza Griselda.

"Mara nyingi maana yake mtu anameza steroidi. Ni dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Mwili ukiona homoni inaletwa kutoka nje, unaacha kutengeneza ya kwake. Mzee, kuna kitu unameza?"

"Hakuna," alisema Baldemar.

"Na kama kingekuwepo?" Griselda aliuliza.

"Nguvu ya kila steroidi tunaipima kwa kuilinganisha na moja inayoitwa prednisoni. Utafiti huu haumpokei anayetumia steroidi zinazozidi nguvu ya miligramu kumi za prednisoni kwa siku. Lazima awe kwenye kiasi hicho au chini yake kwa siku kumi na nne kabla ya dozi ya kwanza."

"Kwa nini mna ukali hivyo?"

"Dawa tunayoijaribu inaamsha kinga ya mwili, ili ishambulie saratani. Steroidi nyingi zinailaza kinga hiyo hiyo. Ni kama kumwamsha mlinzi huku mtu mwingine anampa dawa ya usingizi. Saratani isiponywea, hatutajua kama dawa ni mbovu au mlinzi alikuwa amelala. Na mgonjwa atakuwa amepoteza muda asio nao."

Baldemar aliendelea kula.

"Mzee Baldemar, kama kuna kitu, niambie," alisema Noemi. " Na usikiache ghafla. Nipigie kwanza. Kuacha steroidi ghafla kunaweza kuua."

"Binti yangu, nimeshasema hakuna. Asante." Akakata simu.

Griselda alimtazama baba yake. "Baba?"

"Nenda kazini. Watoto wa watu wanakusubiri."

Griselda alipoondoka, Ofelia aliichukua chupa ya kijani kutoka juu ya friji.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini? Hizi ni mizizi. Fidencio mwenyewe anazimeza."

"Basi mwambie ni mizizi."

"Halafu aniandike, nafasi iende kwa mwingine? Sikiliza, Ofelia. Kama ni mizizi, nikiacha sipati hasara. Kama ni hiyo steroidi yao, nikiacha itatoka. Siku kumi na nne." Alikwenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole. "Ishirini. Dozi yangu ni tarehe ishirini na sita. Mungu ametupa na siku za ziada."

"Amesema usiache ghafla."

"Amesema kwa wanaotumia. Mimi situmii. Umenisikia nikimwambia."

Alimimina kapsuli zote chooni, akavuta maji. Chupa akaitupa kwenye pipa la nje. Jioni Ofelia aliitoa, akaiosha, akaianika juu ya dirisha. Ilipokauka aliijaza pilipili na kuitia kwenye mkoba wake. Chakula cha hospitali hakikuwa na ladha, na alijua watakwenda huko mara nyingi.

*

Jumamosi Baldemar alilala mchana kutwa. Magoti yalirudi kuuma. Jumapili Griselda alileta nyama ya kichwa cha ng'ombe, kama kila Jumapili, na chapati za mahindi. Baldemar alinusa, akasukuma sahani.

"Hata ulimi huutaki?" Griselda aliuliza. "Ulimi ambao huwa tunaugombania?"

"Tumbo limegoma."

"Twende hospitali."

"Kwa ajili ya tumbo? Wakiniona mgonjwa watasema siufai utafiti. Acha."

Jumatatu, tarehe 10, saa tano na robo asubuhi, Ofelia alisikia kishindo bafuni. Baldemar alikuwa sakafuni. Alikuwa ametapika. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na yenye jasho. Alijibu alipoitwa, lakini hakuweza kuketi.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na moja. Griselda aliwakuta kwenye chumba cha dharura. Presha ya baba yake ilikuwa imeshuka hadi sabini na nane juu ya arobaini na nne.

Daktari wa zamu alisema haraka, bila kupaza sauti. "Nashuku mambo mawili. Maambukizi kwenye damu, au saratani imefika kwenye tezi zilizo juu ya figo. Anatumia dawa gani?"

"Kidonge cha presha," alisema Griselda.

"Kingine?"

Baldemar alifumbua macho. Hakumtazama daktari. Alimtazama mkewe.

"Presha tu," alinong'ona.

Ofelia alielewa kile ambacho macho hayo yalikuwa yanaomba. Akisema, nafasi ya utafiti inaweza kwenda, na hapakuwa na dawa nyingine baada ya hiyo. Asiposema, daktari ataendelea kutafuta ugonjwa mahali usipo. Mashine ililia. Presha sasa ilikuwa sabini na moja.

Alifungua mkoba, akatoa chupa ya kijani.

"Alikuwa anatumia hii."

Daktari aliigeuza, akaifungua, akatazama ndani.

"Hizi ni pilipili."

"Pilipili ni zangu. Chupa ni yake. Alikuwa anameza kapsuli zake."

"Ziko wapi?"

"Chooni. Tangu Alhamisi."

"Alikuwa anameza ngapi?"

"Mbili asubuhi." Ofelia alisita. "Na mbili jioni, magoti yakizidi. Miezi saba."

"Ofelia," alisema Baldemar, "umenimaliza."

"Afadhali nikumalize ukiwa unapumua."

Daktari alikuwa tayari anamwagiza muuguzi. Haidrokotisoni, steroidi inayofanya kazi ya kortisoli, miligramu mia moja, kwenye mshipa, sasa hivi. Na dripu ya maji ya chumvi, haraka. Chupa ilipelekwa kwa mfamasia. Baada ya muda mfupi mfamasia alirudi na karatasi. Bidhaa ile ilikuwa kwenye orodha ya onyo ya mamlaka ya dawa. Mamlaka hiyo ilipozipima kapsuli zake, zilikutwa na deksamethasoni, steroidi kali, na dawa ya maumivu. Hakuna kati ya hizo iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa.

Saa tisa alasiri presha ilikuwa mia moja na nane juu ya sitini na sita. Saa kumi Baldemar aliomba maji.

*

Noemi alifika wodini kesho yake. Alivuta kiti, akaketi. Baldemar aligeukia ukuta.

"Kama umekuja kunifuta, nifute ukiwa umesimama. Huhitaji kiti."

"Nimekuja kuuliza maswali yale yale ya Jumanne iliyopita."

"Utaandika kwamba nilidanganya?"

"Nitaandika ulichosema tarehe 4. Nitaandika na utakachosema leo. Vyote kwa tarehe zake."

Baldemar aligeuka. Akasema kila kitu, akianza na meza ya Fidencio. Ofelia aliongeza alipopunguza. Noemi aliandika kurasa mbili.

"Mlifurahi uso ulipojaa?" aliuliza.

"Sana," alisema Ofelia. "Nilidhani ni mapishi yangu."

"Uso wa mviringo, michubuko, sukari kupanda. Hizo ni dalili za steroidi. Na alipoziacha, tezi zake za juu ya figo, zinazotengeneza kortisoli, zilikuwa zimelala kwa miezi saba. Haziamki kwa siku nne. Mwili ukabaki bila homoni kabisa. Ndiyo maana presha ilianguka."

"Sasa nimetoka kwenye utafiti," alisema Baldemar.

"Sijasema hivyo. Sitakuahidi pia. Hospitali itapunguza dozi ya haidrokotisoni hatua kwa hatua. Ukifika kiasi kidogo, kile ambacho mwili wenyewe ungetengeneza, utabaki nacho. Siku kumi na nne zitahesabiwa kuanzia hapo."

Griselda alikunja uso. "Lakini hicho kiasi kidogo si bado ni steroidi?"

"Ni steroidi. Lakini hakilazi kinga. Kinarudisha tu kinachokosekana. Utafiti huu unakiruhusu. Mwingine ungeweza kukataa. Kila utafiti una masharti yake, ndiyo maana tunauliza sana. Kuna mambo mawili bado. Daktari mkuu wa utafiti lazima akubali. Na nafasi hazikusubiri wewe."

"Na nikiugua katikati?"

"Ukipata homa, mwili unahitaji homoni zaidi. Dozi itaongezwa, na hesabu itaanza upya. Usifiche homa ili kulinda hesabu. Ukiificha, unaweza kurudi kwenye kitanda hiki au usifike."

Baldemar alitazama dari. "Binti, unajua kumtia mtu moyo."

"Ninajua kuandika tarehe."

*

Jumapili, tarehe 16 Machi, ilikuwa siku ya mwisho ya dozi kubwa. Jumatatu Baldemar alirudi nyumbani na vidonge vya haidrokotisoni: miligramu kumi na tano asubuhi, tano mchana. Ofelia alizungushia duara tarehe 17 kwenye kalenda. Kila asubuhi alimpima joto na kuandika namba.

Tarehe 20 Noemi alipiga simu. Mgonjwa mwingine alikuwa ameingizwa. Sasa nafasi ilibaki moja.

Jumapili, tarehe 23, Fidencio alikuja na mfuko wa karatasi. Baldemar alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, miguu juu ya ndoo. Asubuhi hiyo alishindwa kupanda ngazi mbili za baraza bila kushikwa.

"Ndugu yangu, nasikia unatembea kama kaa," alisema Fidencio. Alitoa chupa. Hii ilikuwa nyeupe, na badala ya fahali ilikuwa na picha ya simba. "Hii si ile. Hii ni safi. Mbili tu, na jioni tunacheza."

Baldemar aliishika chupa. Aliigeuza. Ofelia alisimama mlangoni.

"Nipe simu," Baldemar alimwambia.

Noemi alipokea kwenye mlio wa tatu. Baldemar alimsomea maandishi yote ya chupa.

"Maandishi hayatuambii kilichomo," alisema Noemi. "Hata ile ya fahali iliandikwa mizizi. Usimeze. Niletee."

"Goti linaniua, binti yangu. Jirani anasema kuna sindano ya goti."

"Ipo. Nyingi za sindano hizo ni steroidi pia. Utafiti huu unaruhusu moja ya ndani ya goti, lakini daktari wetu aijue kabla, si baada. Dawa za pumu za kuvuta na krimu nyingi za ngozi ni hivyo hivyo. Mara nyingi zinaruhusiwa, lakini lazima ziandikwe. Kwa sasa tumia ile ya maumivu niliyoiandika, na barafu. Kesho nitazungumza na daktari."

Fidencio alikuwa anasikiliza. Aliurudisha mfuko wake magotini.

"Mimi namaliza mwaka wa pili na za fahali," alisema polepole. "Basi nitazimwaga leo."

"Usizimwage," Baldemar na Ofelia walisema pamoja.

"Ukiziacha ghafla utaanguka kama mimi," alisema Baldemar. "Chukua chupa, nenda kwa daktari, mwambie ukweli. Yeye ndiye atakupunguzia."

"Na wateja wangu wa mezani?"

Ofelia alimjibu. "Nao waambie hivyo hivyo. Na uiondoe hiyo meza."

Fidencio aliondoka na mfuko wake. Jumatatu alikwenda kwa daktari. Jumapili iliyofuata, sokoni, aliuza glavu na betri tu.

*

Tarehe 28 daktari mkuu wa utafiti alitia saini. Baldemar angepokelewa tarehe 2 Aprili kama majibu mapya yangekuwa mazuri. Picha ya kifua ilipigwa upya, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imezeeka.

Jumapili, tarehe 30, saa moja asubuhi, Baldemar alikohoa mara nyingi. Ofelia alimpima. Thelathini na saba na nukta tatu.

"Usiandike," alisema Baldemar.

Ofelia alimtazama.

"Nilikuwa natania. Andika. Piga simu."

Noemi aliagiza wapime kila baada ya saa mbili. Ikifika thelathini na nane, waende hospitali moja kwa moja. Waliketi jikoni. Griselda alikuja na nyama. Safari hii Baldemar alikula ulimi wote peke yake, na hakuna aliyemgombania. Saa tatu: thelathini na saba na nukta tatu. Saa tano: thelathini na saba na nukta moja. Saa saba: thelathini na sita na nukta nane.

Jumatano, tarehe 2 Aprili, walifika kliniki saa mbili. Ofelia alipakua mfuko mzima juu ya meza ya Noemi. Kidonge cha presha. Haidrokotisoni. Dawa ya maumivu. Matone ya macho. Mafuta ya kuchua. Majani ya chai ya tumbo. Krimu ya ukurutu ambayo hata Baldemar alikuwa ameisahau. Mwisho, chupa ndogo ya kioo yenye pilipili.

"Na hizi?" aliuliza Noemi.

"Ulisema kila kitu."

Noemi aliandika kila kitu isipokuwa pilipili. Alisoma krimu mara mbili. Ilikuwa na steroidi kidogo, ya kupaka. Alimpigia daktari simu. Walisubiri dakika tisa. Baldemar alihesabu vigae vya sakafu.

"Inaruhusiwa," alisema Noemi. "Imeandikwa."

Majibu ya damu yalifika saa nne kasorobo. Sukari ilikuwa imeshuka. Chumvi za mwili zilikuwa sawa. Siku zilizohesabiwa zilikuwa kumi na sita. Noemi alimwomba Baldemar aseme jina lake na tarehe ya kuzaliwa, akalinganisha na karatasi iliyokuwa kwenye mfuko wa dawa. Muuguzi wa pili alilinganisha tena.

Saa nne na dakika ishirini tone la kwanza la dawa mpya lilianguka.

Saa tano kasoro dakika kumi mfuko ulikuwa mtupu. Presha ilikuwa mia moja na kumi na nane juu ya sabini na mbili.